Kubeua, Kucheua na Kutapika

Hotuba kwa wazazi wapya, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam aleikum, na kwa wenzetu wa dini nyingine, hamjambo nyote. Mama zangu mliotangulia, dada zangu, wanangu mliotoka arubaini juzi na jana, pamoja na akina baba wachache mliojitosa kuketi miongoni mwetu, nawashukuru kwa kuja katika joto hili. Nimeombwa, kama mkunga aliyekwisha kustaafu, nizungumze juu ya maziwa yanayomrudi mtoto mchanga baada ya kunyonya. Wapo watakaoona kwamba ni jambo dogo la kuwakusanya watu wazima alasiri nzima. Mimi nimewaona akina mama waliokatisha kunyonyesha kwa ajili yake, na nimewaona wengine waliochelewa kufika hospitalini kwa ajili yake hilo hilo, kwa hiyo siwezi kuliita dogo.

Nianze na lugha yetu, maana hapa Kiswahili kimetutangulia. Mtoto akitoa hewa kinywani kwa sauti, tunasema amebeua. Maziwa yakimrudi yakachuruzika pembeni mwa mdomo, naye hakukunja uso wala hakujikamua, tunasema amecheua, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa mbuzi aliyelala kivulini akirudisha majani kinywani ayatafune upya, bila shaka hakuna anayemwonea mbuzi huyo huruma. Tumbo likijikaza na kuyasukuma nje kwa nguvu yaliyomo, mtoto akaumia na kulia, hapo ametapika. Ni maneno matatu kwa mambo matatu. Siku hizi nasikia wazazi vijana wakisema "mtoto anatapika" kwa yote, na daktari aliyeambiwa kwamba mtoto anatapika hana budi kuanza kutafuta ugonjwa, akaandika vipimo, pengine na dawa, ilhali mtoto mwenyewe amelala pajani akicheka.

Sababu ya kucheua ni maumbile tu. Umio, yaani ile njia inayoteremsha chakula kutoka kooni, unapofika tumboni huzungukwa na msuli wa mviringo unaokaza na kulegea mithili ya mdomo wa mfuko wa kamba. Hata sisi watu wazima msuli huo hulegea mara kwa mara bila sisi kumeza kitu, ndiyo maana tunabeua baada ya biriani. Kwa mtoto mchanga msuli haujapevuka, umio wake ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na sehemu kubwa ya siku ameulaza mwili. Ukiongeza kwamba tumbo lenyewe ni dogo, na kwamba kwa kila fundo la maziwa humeza na hewa kidogo, utaona kwamba la kushangaza ni mtoto asiyecheua kabisa.

Takribani nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku. Wakifika mwezi wa nne idadi hupanda hadi kama theluthi mbili, kisha huanza kushuka, na wanapokaribia kutimiza mwaka ni wachache mno wanaoendelea. Naomba mzingatie mpangilio huo, kwa sababu ndio unaowatia wazazi hofu bure: hali hii huzidi kwanza kabla ya kupungua. Mama aliyevumilia miezi miwili akitaraji nafuu, akaona mwezi wa tatu mambo yameongezeka, huamini kwamba kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Mtoto anakunywa zaidi, anajinyonganyonga zaidi, na bado hajajua kuketi. Akishaanza kuketi mwenyewe, akala vyakula vizito kidogo na kusimama kwa kushikilia kiti, maziwa hubaki yalipo.

Sasa nitawaomba walio nyuma wasogee, kwa sababu nimekuja na leso. Ni leso ya kawaida, imefuliwa mara nyingi, ya namna ile tunayoitupia begani. Hiki hapa ni kijiko cha chai, kinachobeba mililita 5, nami nakijaza maziwa na kuyamwaga katikati ya leso, hivi. Subirini kidogo. Doa linatembea, linashika nyuzi, na sasa limekuwa pana kuliko kiganja changu. Yeyote atakayeingia chumbani sasa hivi, hasa akiwa ni bibi wa mtoto upande wa baba, atasema mtoto ametoa yote aliyonyonya. Nanyi mmeona kwa macho yenu kwamba ni kijiko kimoja cha chai.

Tufanye hesabu kidogo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, kati ya mwezi mmoja na miezi sita, hunywa kwa wastani kama mililita 750 kwa siku, yaani robo tatu ya lita. Akicheua mara kumi, kila mara kijiko kimoja cha chai, amepoteza mililita 50, sehemu moja katika kumi na tano. Umefua leso kumi, umechoka, nyumba inanuka maziwa yaliyochacha kwa joto letu hili la Machi, lakini mtoto amebaki na sehemu kumi na nne, na hizo zinamtosha.

Ndiyo maana nilipokuwa kazini nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba leso haisemi lolote juu ya afya ya mtoto. Inayosema ni mizani. Katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto anatakiwa kuongeza baina ya gramu 150 na 200 kila wiki, na kufikia mwezi wa tano huwa ameongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili au anakaribia. Mkienda kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hakikisheni mtoto amepimwa na nukta imetiwa kwenye mstari wa ule ukurasa wa kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Ulizeni mstari umepanda au umelala. Nyumbani pasipo mizani, hesabuni nepi: mtoto aliyevuka wiki ya kwanza akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo wake ukiwa mweupe usiokoza, maziwa yanafika yanakotakiwa.

Kuna jambo linalonikera nami nitalisema hapa, wazee wangu mnisamehe. Mtoto akicheua maziwa yaliyoganda vipande vipande kama mtindi, husemwa kwamba maziwa ya mama yameharibika. Kisha hutafutwa aliyeyaharibu, na daima ni mama mwenyewe: amekaa na baridi, amekula asichostahili, au, na hili hunong'onwa mlangoni, amembemenda mtoto, yaani amemdhuru kwa kulala na mumewe kabla ya wakati. Nimemkuta binti wa miaka ishirini analia kitandani huku mawifi wanajadili arubaini yake aliitunza vipi. Maziwa hayo yameganda kwa sababu yalikuwa tumboni. Tumbo lina tindikali, na tindikali huyagandisha maziwa kama vile ndimu inavyoyagandisha ukiyakamulia kikombeni, tena kuganda huko ndiko kusagika kwenyewe. Mtoto akicheua mara tu baada ya kunyonya, hutoka maziwa laini. Akicheua baada ya nusu saa, hutoka yaliyoganda. Tofauti ni muda. Ziwa la mama halina hatia.

Wengine watasema ni zongo, ni jicho la mgeni aliyemsifu mtoto bila kusema mashallah. Sikuja kubishana na mtu juu ya jicho. Mvuje uliofungwa kwenye kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto haumdhuru, ilmradi uzi haubani wala fundo haliingii mdomoni. Linalodhuru ni kumnywesha. Mtoto asiyetimiza miezi sita haongezewi maji, wala asali, wala uji wa kumtuliza ulioingizwa kwenye chupa ili maziwa yawe mazito, wala majani ya kuchemsha. Zile chupa za maji ya kutuliza tumbo zinazouzwa madukani zilianzia kwa mfamasia wa Uingereza, William Woodward, mwaka 1851, na katika mchanganyiko wake wa mwanzo kulikuwa na pombe. Ukimjua mwanzilishi huyo utaelewa kwa nini bibi zetu waliapa kwamba watoto walitulia. Zinazouzwa leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi kwamba zinamzuia mtoto kucheua.

Wala msikimbilie dawa za tindikali. Dawa hizo zina kazi yake kwa mtoto ambaye daktari amemchunguza akaona umio umechubuka. Kwa mtoto mzima anayecheua tu, hazizuii maziwa kurudi wala hazipunguzi kilio chake. Zamani kidogo kulikuwa na dawa iitwayo sisapraidi, ikiandikiwa watoto wengi duniani ili kuharakisha maziwa yashuke. Mwaka 2000 iliondolewa katika soko la kawaida la Marekani baada ya kubainika kwamba huvuruga mapigo ya moyo. Fikirini, moyo wa mtoto kuhatarishwa kwa ajili ya leso kulowa.

Na maziwa ya kopo? Kenya imekuwa na sheria tangu mwaka 2012 inayozuia kuyatangaza na kuyapigia debe maziwa ya kopo kwa wazazi wa watoto wachanga, na kucheua ni mojawapo ya milango ambayo maziwa hayo hupitia kuingia nyumbani. Mama huambiwa kwamba ya kopo ni mazito, yatakaa. Hayakai zaidi ya maziwa yake mwenyewe. Mtoto wa chupa hucheua vilevile, na mara nyingi huzidi, kwa kuwa aliyeshika chupa huona vibaya kubakisha na humlazimisha mtoto amalize.

Yapo mambo yanayosaidia, na hayagharimu kitu. La kwanza ni namna mtoto anavyolishika ziwa. Asishike ncha ya chuchu peke yake, bali kinywa kifunguke kipana kimeze na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka, kidevu kigusane na ziwa. Ukisikia mlio wa kualika kila anapovuta, anameza hewa, mwachishe taratibu umwanzishe tena. La pili, usimngoje mpaka apige kelele, kwa sababu mtoto anayelia hunyonya kwa pupa na tumbo hujaa upepo. Mama ambaye maziwa yake hutoka kwa kasi dakika za mwanzo, hadi mtoto anapaliwa, aegemee nyuma kitandani na kumlaza mtoto juu ya kifua chake, ili maziwa yapande mlima kidogo. Anayetumia chupa atazame tundu la chuchu lisiwe kubwa, na akubali mtoto anapogeuza uso.

Baada ya kunyonya, mkae naye wima kwa dakika ishirini au thelathini. Hapa Mombasa tuna mtindo wetu: mtoto hunyonyeshwa haraka haraka kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, king'ora kikilia mama huinuka, mtoto hufungwa mgongoni kwa leso, tumbo limebanwa kwenye uti wa mgongo wa mamaye, na safari huwa ni mteremko wa gati, msukumano, kisha tuktuk inayoruka kila tuta. Ni nani asiyecheua hapo? Mtu mzima mwenyewe angecheua. Kama huna budi kuvuka, mpakate kifuani kichwa kikiwa juu ya bega, na nepi pamoja na ile kamba ya kiunoni visimbane tumbo. Anayevuta sigara asivutie karibu naye, kwa maana moshi huulegeza ule msuli niliousema.

Mtaniuliza juu ya kumbeulisha, kumpigapiga mgongoni mpaka atoe hewa. Niliwafundisha akina mama jambo hili miaka yote. Kisha nikaja kusoma utafiti uliofanywa katika mji wa Chandigarh, India, ukachapishwa mwaka 2015, uliowagawa akina mama 71 na watoto wao katika makundi mawili, moja likibeulisha na jingine lisibeulishe, na matokeo yake ni kwamba waliobeulishwa hawakulia kidogo kuliko wenzao, na walicheua zaidi. Niliuweka ule ukurasa chini nikacheka peke yangu. Utafiti ni mdogo, nami siwakatazi; mtoto anayejinyonganyonga kwa hewa hupata raha akipandishwa begani, na begani ni mahali pazuri pa mtoto kuwapo kwa sababu yoyote ile. Ninachosema ni kwamba, akiwa ametulia au amelala, msimwamshe kwa makofi ya mgongo kwa kudhani kwamba ni wajibu.

Nifike kwenye kulala, ambako hofu ni kubwa zaidi. Mama huogopa kwamba mtoto aliyelala chali atacheua na kupaliwa, kwa hiyo humlaza kifudifudi. Fikra hiyo inaonekana ya busara, nami nilifundishwa hivyo na wakubwa zangu, lakini ni kinyume cha maumbile. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi huwa na mlima wa kupanda kabla ya kuingia kwenye pumzi. Ukimlaza kifudifudi umeigeuza nyumba juu chini: umio ndio ulio juu, na maziwa yanaweza kuteremka kuelekea njia ya hewa. Uingereza ilipoanza kuwahimiza wazazi mwaka 1991 kuwalaza watoto chali, na Marekani ikafuata mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana, na vifo vya kupaliwa havikuongezeka. Kwa hiyo alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto wa kumwinua kichwa.

Yote niliyoyasema mpaka hapa ni ya kucheua. Sasa nizungumze juu ya lile neno la tatu, na kwa hili nitawaomba radhi, kwa sababu nina kosa langu la kulisimulia.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana, nilikuwa zamu katika zahanati moja ndogo. Aliingia mama na mwanawe wa kwanza, wa kiume, umri wa wiki tano. Akaniambia, "Sista, mwanangu anacheua sana." Nje kulikuwa na foleni. Nikamjibu bila kuinua macho kwamba wote hucheua, ampakate wima, aende kwa amani. Baada ya siku nne alirudi. Mtoto alikuwa na uso wa mzee, ngozi ya tumbo imelegea, utosi umebonyea. Nikamwambia amnyonyeshe. Alinyonya kwa uchu, akaachia, na kabla sijafunga kalamu maziwa yalimruka kinywani yakapita juu ya daftari langu yakagonga ukuta. Kisha mtoto akageuza kichwa akalitafuta ziwa upya, ana njaa kana kwamba hakunyonya.

Ule ulikuwa ugonjwa wa mlango wa chini wa tumbo, ule unaopeleka chakula utumboni. Misuli yake hunenepa hadi njia ikabanwa, na hali hiyo huanza zaidi baina ya wiki ya pili na ya nane, ikiwapata wavulana mara nne zaidi ya wasichana, hasa kifungua mimba. Tiba yake ni upasuaji ambao daktari Mjerumani Conrad Ramstedt aliueleza mwaka 1912, nao unatumika mpaka leo: hukatwa ule msuli ulionenepa pekee, bila kutoboa utando wa ndani. Mtoto yule alipasuliwa akapona. Kosa langu lilikuwa kuamini neno bila kuuliza linamaanisha nini, na tangu siku ile sikumwachia mama anieleze kwa mdomo tu. Nilimwomba amnyonyeshe mbele yangu, na niliomba kuiona leso.

Iangalieni leso, basi, si kwa ukubwa wa doa bali kwa rangi yake. Manjano hafifu siku za mwanzo ni ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na weupe mnaujua. Kijani, kijani cha mchicha uliosagwa, si kucheua hata kidogo: ni nyongo, na kwa mtoto mchanga huweza kuwa utumbo umejisokota na damu haipiti. Hapo hakuna kungoja kuche wala kumngoja baba arudi baharini. Ni usiku huo huo, mpaka hospitali yenye daktari wa upasuaji, na hiyo leso mfuatane nayo. Damu nyekundu au vipande vyeusi kama unga wa kahawa navyo vionwe na daktari. Mara nyingine hutokana na chuchu ya mama iliyopasuka, lakini kazi ya kuthibitisha hilo si ya jirani.

Mpelekeni vilevile, bila kuchelewa, mtoto ambaye maziwa yanamruka kwa nguvu kila anaponyonya. Aliye chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi. Aliyekataa ziwa, akawa mlegevu na haamki vizuri. Ambaye utosi umebonyea au umevimba. Ambaye tumbo limejaa na kuwa gumu. Anayebadilika rangi midomoni au kukatika pumzi. Na yule ambaye nepi inakaa kavu kwa muda wa saa sita. Mtoto asiyeongeza uzito, au ambaye kucheua kumeanza ghafla baada ya miezi sita, naye achunguzwe, ingawa huyo anaweza kungoja asubuhi. Na akiwa na damu kwenye choo pamoja na vipele vinavyomwasha, mwambieni daktari yote mawili kwa pamoja, kwani huenda ni mzio wa maziwa ya ng'ombe, na pengine mama ataombwa ayaache maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne, huku akiendelea kunyonyesha.

Nimezungumza vya kutosha, na naona watoto wawili wamekwisha kulala na mmoja ananikasirikia. Mizani iko pale karibu na mlango, nami nimekuja na kalamu ya kutia nukta kwenye vitabu vyenu. Vueni nepi kabla ya kumpandisha mtoto, la sivyo tutapima mkojo. Tuanze na yule bwana wa safu ya pili aliyempakata bintiye, kwa kuwa bega la kanzu yake limelowa tangu nilipokuwa kwenye hesabu ya vijiko, naye hajasogea hata mara moja.